Zelle Haimwogeshi Mgonjwa

Mhadhara kwa wanajumuiya wa Afrika Mashariki wa Houston na Dallas–Fort Worth

Mliotoka Dallas na Fort Worth alfajiri mkaishuka I-45 karibu kilomita 390 hadi hapa Houston, poleni na safari. Na mliokatisha usingizi baada ya shifti ya usiku, poleni zaidi.

Nimeombwa nizungumzie kujitolea kwa ajili ya wagonjwa. Naanza na neno ambalo baadhi yenu halitawapendeza: sisi ni hodari wa msiba na wazembe wa ugonjwa. Mtu akifariki saa nne usiku, ikifika saa sita kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameteuliwa, namba ya Zelle ya kupokea michango imebandikwa, shehe au mchungaji ameshapigiwa. Haupiti muda jeneza limepakiwa ndegeni kwenda Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe au Kigali. Sibezi jambo hilo hata kidogo; kusafirisha maiti kutoka Texas ni maelfu ya dola, na maelfu hayo hutoka kwa watu wanaolipwa kwa saa. Lakini marehemu huyohuyo alikuwa kitandani miezi minane. Katika miezi hiyo nani alimpeleka hospitali? Nani alimbadilishia shuka? Mkewe, ambaye naye ana shifti. Na siku mke alipozidiwa, mtoto wa miaka kumi na miwili.

Nayasema haya mbele ya watu ambao wengi wao wanaishi kwa kazi ya kuuguza. Mnawaogesha wazee wa Kimarekani kule Katy, Plano na Sugar Land. Mnawageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia, mnajua kumwinua mtu mzito bila kuuvunja mgongo wenu, mnajua namna ya kumlisha aliyepata kiharusi asipaliwe. Ujuzi tunao, na kuuuza ni halali. Ila tukifika mlangoni kwetu tunauvua pamoja na sare.

Wapo watakaosema: ndugu mhadhiri, tatizo ni pesa. Pesa ni tatizo kweli. Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko zote nchini ya watu wasio na bima. Asiye na bima anategemea hospitali za kaunti: Ben Taub hapa Houston, Parkland kule Dallas, JPS kule Fort Worth. Hospitali hizo zinafanya kazi kubwa, lakini foleni yake mnaijua. Kwa hiyo michango iendelee, tena iongezeke. Ninachosema ni kwamba ugonjwa mrefu katika jimbo hili unadai kitu kingine ambacho mchango haununui, nacho ni gari lenye dereva asiye na haraka.

Fikirini mgonjwa wa figo. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila mara anakaa kwenye mashine kama saa nne. Akitoka hapo amelegea, kichwa kinazunguka, hawezi kushika usukani. Kama anaishi Arlington, ajue kuwa anaishi katika mji wenye watu karibu 400,000 ambao kwa miaka mingi ulisifika kuwa mji mkubwa kuliko yote Marekani usio na mabasi ya umma. Tangu 2017 kuna vigari vya kuita kwa simu, basi. Sasa mkimwachia mtu mmoja kazi ya kumpeleka na kumrudisha, mwezi wa pili atafukuzwa kazi. Wakiwa sita, kila mmoja anaendesha mara moja tu katika wiki mbili. Hesabu ni hiyo. Haihitaji katiba wala mwenyekiti. Inahitaji karatasi yenye majina sita na mtu mmoja wa kuwakumbusha.

Mwajiri naye msimtegemee sana. Iko sheria ya 1993 inayompa mfanyakazi wa kampuni yenye watu 50 au zaidi likizo ya wiki 12 ya kumuuguza ndugu yake. Haina malipo. Na ndugu kwa sheria hiyo ni mume au mke, mtoto, na mzazi. Kaka hayumo, binamu hayumo, shangazi hayumo labda uonyeshe kuwa ndiye aliyekulea utotoni. Ukoo wetu wote, kwa macho ya idara ya rasilimali watu, ni marafiki.

Mji huu wa Houston una historia ambayo wengi wetu hatuijui, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Katikati ya miaka ya 1980 UKIMWI ulipiga hapa vibaya. Mwaka 1986 ilifunguliwa Houston hospitali ya kwanza nchini Marekani iliyokusudiwa kutibu UKIMWI peke yake. Mwishoni mwa 1987 ilifungwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wagonjwa wengi hawakuwa na bima. Vijana walirudi majumbani, na nyumba nyingi zilikuwa zimewafungia mlango. Miaka hiyohiyo watu wawili wa dini waliokuwa wakifanya kazi katika eneo la Texas Medical Center, Earl Shelp na Ronald Sunderland, walianza kuyaendea makanisa na wazo rahisi kabisa: msituletee sadaka tu, tupeni watu. Waumini wachache wa usharika mmoja wanaunda kikundi, kikundi kinapewa mgonjwa mmoja, wanagawana siku. Huyu anafua, yule anapika, mwingine anaendesha gari, mwingine anakaa tu chumbani. Mfano huo ulienea kwenye makanisa na masinagogi ya mji huu, na baadaye ukapelekwa kwa wazee waliopoteza kumbukumbu na kwa magonjwa mengine. Mwaka 1989 kaunti nayo ikafungua zahanati ya Thomas Street, katika jengo lililokuwa hospitali ya shirika la reli, kwa ajili ya wenye VVU.

Na wakati huohuo, mwaka 1987, kule Kampala, mama mmoja aitwaye Noerine Kaleeba alikuwa amemzika mumewe, Christopher. Mume aliugulia Uingereza, katika mji wa Hull, alikokuwa masomoni, na mama huyu alipokwenda kumuuguza alikuta watu wasio ndugu zake wanamshika mkono mumewe bila woga. Aliporudi Uganda akaona jinsi wagonjwa wa kwao walivyokimbiwa, akakusanya wenzake, wengi wao wakiishi na virusi wenyewe, wakaanzisha shirika la TASO. Miaka miwili baadaye, Dar es Salaam, Theresa Kaijage na wenzake wakaanzisha WAMATA. Wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwetu. Walichokuwa nacho ni miguu ya kutembea nyumba kwa nyumba, ndoo, sabuni na maneno mema. Wengine humu ndani mama zenu walikuwa watu hao. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kuwa kukaa zamu kwa mgonjwa asiye wa ukoo wako ni desturi ya Wazungu.

Sasa niende kwenye kazi yenyewe, maana nia njema bila ufundi inaumiza.

Nimewahi kuona chumba kimoja, apatimenti ya ghorofa ya pili huku kusini-magharibi mwa mji, karibu na Bissonnet. Baba mmoja mwenye saratani ya ini. Baada ya ibada ya Jumapili wageni waliingia wengi hadi viti vikaisha, wengine wakakaa kwenye mkono wa kochi. Ilibidi avalishwe shati. Ilibidi akae. Mmoja akasema, «Baba umekwisha jamani!» Mwingine akatoa habari za mtu wa kwao aliyekuwa na ugonjwa huohuo, na habari hiyo haikuwa na mwisho mzuri. Wakaomba kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta. Walipoondoka yule baba alitapika, akalala bila kula hadi kesho yake. Wageni wale walirudi makwao wakiwa na amani moyoni.

Alhamisi akaja mama mmoja peke yake. Alivua viatu, akasalimia, akauliza, «Leo nikae au nifanye kazi?» Baba akasema kwa kichwa: fanya. Akaosha vyombo vilivyojaa sinki, akabadilisha maji ya kunywa, akachovya kitambaa laini kwenye maji akamlowesha midomo iliyokuwa imekauka na kupasuka, akampaka mafuta. Akamwambia mke wa mgonjwa, «Nenda kalale, nitakuamsha saa kumi.» Saa kumi akamwamsha, akaondoka. Alichokisema siku nzima hakizidi sentensi tano. Mkitaka somo la kujitolea, somo ni yule mama.

Yapo mambo machache ambayo aliyajua na wageni wa Jumapili hawakuyajua. La kwanza ni chakula. Sisi upendo wetu ni sinia. Lakini anayesafishwa figo hawezi kuitoa potasiamu mwilini mwake, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Potasiamu imejaa wapi? Kwenye ndizi, viazi, maharage, nyanya, mchicha, parachichi. Yaani sinia zima la mapenzi. Chai na uji navyo vinahesabiwa katika maji anayoruhusiwa kwa siku. Na aliye kwenye dawa za saratani harufu ya kitunguu kinachokaangwa peke yake yatosha kumtapisha. Mpikie kwako, mletee chakula kilichopoa, kidogo. Kabla hujabeba sufuria, uliza.

La pili ni homa. Mgonjwa wa dawa za saratani akifika nyuzi 38, ambazo kwenye vipimo vya huku zinasomeka 100.4, hiyo si homa ya kumpa Panadol alale. Kinga yake imeshuka na anaweza kuondoka kabla hakujakucha. Piga namba ya hospitali usiku huohuo, wakikwambia umpeleke mpeleke. Wewe nawe ukiwa na mafua, upendo wako uupeleke kwa simu.

La tatu, dawa za miti. Nawaheshimu waganga wetu, lakini mnakumbuka 2011, kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kule Tanzania, shilingi 500, misururu ya magari mpaka Samunge, na wagonjwa walioacha vidonge vyao. Mizizi iliyotumwa kwenye begi la mtu kutoka nyumbani inaweza kugongana na dawa ya hospitali. Mgonjwa akitaka kuitumia, mshauri amwonyeshe daktari kwanza. Usimletee wewe kwa siri, na usimwite asiye na imani akikataa.

Hospitalini nako mhudumu wa kujitolea ajue mipaka yake. Watu humwomba mwenye Kiingereza kizuri akatafsiri. Katafsiri chakula, katafsiri njia ya kwenda maabara. Habari ya uvimbe, ya upasuaji, ya kukubali au kukataa mashine, mwachie mkalimani wa hospitali. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika kutoa mkalimani bila malipo. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Haki za Raia ya 1964 na ikatiliwa nguvu na sheria ya afya ya 2010. Mgonjwa aliyetoka Uvira ana haki ya kusema hajamwelewa mkalimani wa kwenye simu na kuomba mwingine. Na mtoto wake asigeuzwe mkalimani. Nimesikia mtoto akimtafsiria mama yake miezi ya kuishi aliyobakiza. Sitasahau sauti ile.

Tena iko karatasi moja ambayo karibu kila nyumba yetu haina: hati ya kumteua mtu atakayesema kwa niaba ya mgonjwa siku asipoweza kusema mwenyewe. Texas inaitambua ikitiwa saini mbele ya mthibitishaji au mashahidi wawili. Bila hati hiyo nimeona kaka wa mjini na mke wa ndoa ya kimila wakivutana kwenye korido huku madaktari wakingoja. Kumkumbusha mgonjwa jambo hilo mapema, angali na akili zake timamu, si kumtakia kifo.

Kuhusu siri nitasema kwa ukali kidogo. Hospitali za huku zinabanwa na sheria ya 1996 zisitoe habari za mgonjwa hovyo. Sisi hatubanwi na chochote, na inaonekana. Picha ya mgonjwa akiwa na mirija puani inafika Mwanza kabla mama yake hajaambiwa kuwa mwanawe anaumwa. Ndiyo maana watu wetu wanajificha. Ukiingia kwenye zamu, yaliyomo chumbani yanabaki chumbani: jina la ugonjwa, dawa zilizo kwenye meza, ugomvi wa mume na mke, hali ya vibali vya ukaazi. Anayeshindwa hilo aendelee na kuchangia. Mchango wake tunauhitaji.

Na woga? Woga upo, wala si wetu peke yetu. Mnaokaa Vickery Meadow kule Dallas, mtaa wa wakimbizi wa kila taifa, mnaikumbuka Septemba 2014. Thomas Eric Duncan, raia wa Liberia, alikuja kumwona mchumba wake, akaugua Ebola, akafariki tarehe 8 Oktoba. Mchumba na wenzake watatu walifungiwa katika apatimenti ileile yenye shuka alizolalia, na hakupatikana mwenye nyumba wa kuwapangishia pengine. Jimbo Katoliki la Dallas likatoa nyumba. Aliyewapeleka ni Clay Jenkins, kiongozi mkuu wa kaunti, kwa gari analoliendesha mwenyewe, bila mavazi ya kujikinga, kwa sababu alikuwa amewauliza madaktari wakamwambia kuwa mtu asiye na dalili haambukizi. Hakuna kati ya wale wanne aliyeugua. Wapo waliomsema vibaya kiongozi huyo. Mimi namweka hapa kama mfano wa kujitolea kwenye akili: aliuliza kwanza, akaelewa, kisha akafungua mlango wa gari.

Liko tena la Texas yenyewe na tufani zake. Februari 2021 baridi ilikata umeme sehemu kubwa ya jimbo, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliacha wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston bila umeme, wengine kwa wiki nzima na zaidi, katika joto mnalolijua. Mwenye mashine ya oksijeni inayochomekwa ukutani, mwenye insulini kwenye friji, hao siku kama hiyo wanaishi kwa kuhesabu saa. Kila zamu ijue mgonjwa wake anategemea umeme kwa kitu gani, nani ana jenereta, na mtungi wa akiba uko wapi. Piga 2-1-1 umwandikishe kwenye daftari la dharura la jimbo, liitwalo STEAR. Kujiandikisha hakukuhakikishii kuwa mtu atakuja. Ndiyo maana nasema zamu.

Namalizia na hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa wa siku za mwisho, maana najua wengi hapa mkilisikia jina hilo mnaona sanda. Cicely Saunders alifungua St Christopher's mjini London mwaka 1967 baada ya kuona wagonjwa wa saratani wanakufa kwa maumivu ambayo yangeweza kutulizwa. Kwetu, Nairobi Hospice ilianza 1990, na mwaka 1993 Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, akifundisha kutengeneza mofini ya kunywa kwa bei ambayo mkulima anaiweza. Huku Marekani Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipia hospisi kwa mgonjwa ambaye madaktari wawili wameona kuwa, ugonjwa ukienda mwendo wake, amebakiza miezi sita au pungufu. Akizidi miezi hiyo hafukuzwi. Anapimwa upya, na akitaka kurudi kwenye matibabu ni ruhusa. Huduma huja nyumbani, pamoja na mofini ya kutuliza maumivu, kwa kipimo. Mofini haimuui mgonjwa wenu, ugonjwa ndio unaomuua. Kumnyima ni kumwongezea mateso tu.

Lakini lipo sharti ambalo wachache wanalijua. Serikali inazitaka hospisi zote zinazolipwa na Medicare ziwe na watu wa kujitolea, na saa zao zisipungue asilimia 5 ya saa ambazo watumishi wa kulipwa wanawahudumia wagonjwa. Maana yake hospisi za Houston, Dallas na Fort Worth zinatafuta watu kila siku, zinawapa mafunzo bure, na mtu anayezungumza Kiswahili, Kinyarwanda au Kilingala hazimpati kirahisi. Mgonjwa wetu anapofika huko anakutana na watu wema wasioweza kumwambia «pole baba» akaielewa. Nafasi hiyo iko wazi, haina mshahara, na kigezo chake ni kukaguliwa rekodi, kupimwa kifua kikuu na kuhudhuria masomo.

Basi ndugu zangu, sina ombi la pesa leo. Karatasi zinazozunguka sasa hivi ni mbili. Moja ni ya wanaotaka kupata mafunzo ya hospisi, Houston upande huu, Dallas na Fort Worth upande ule. Nyingine ni ya zamu ya mama yetu mmoja aliyeko Alief, anayesafishwa figo. Ameniruhusu niseme hivyo na si zaidi. Jumatatu na Ijumaa zina madereva. Jumatano saa kumi na moja alfajiri bado haina mtu. Mwenye gari na anayeamka mapema aandike jina na namba ya simu kabla hajatoka.